Na Wewe, Umeusoma?

Leo ni siku ya sita na lile swali la shemeji bado linanizunguka kama nzi aliyenasa ndani ya chandarua.

Mengine ya wiki hii niyamalize upesi: kazini wameunganisha idara zetu mbili, kwa hiyo yule bosi mliyemzoea humu hayuko tena juu yangu, na binamu yetu kajifungua mapacha, wote wazima. Haya. Turudi mezani.

Jumapili tulikuwa kwa dada. Shemeji (ndiye yule yule wa kisa cha printa) amenunua runinga mpya, pana kama mlango, na alikuwa amefikia hatua ya kuiunganisha na Wi-Fi. Mimi nami mdomo wangu mnaujua. Dada alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilishaanza. Nikamweleza kwamba runinga janja nyingi nazo zinakutazama unavyotazama: zinachukua vipande vidogo vya picha iliyoko kwenye kioo, zinavilinganisha na hifadhi ya vipindi iliyoko kwenye seva za watu, na zinajua ulikuwa unaangalia nini hata kama picha inatoka kwenye deki ya zamani uliyoichomeka kwa waya. Nikampa na ushahidi. Mwaka 2017, kule Marekani, kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kukusanya data za namna hiyo kutoka kwenye runinga milioni 11 bila wenyewe kuridhia.

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo pa kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaunganisha moja kwa moja hadi kwenye programu huria, kwamba kwenye laptopu yangu, na kwenye ile niliyomtengenezea Mama, hakuna programu inayoweza kunificha jambo, kwa sababu msimbo wake, yale maandishi ya maelekezo yanayoifanya ifanye kazi, uko wazi na mtu yeyote anaweza kuusoma.

Akamalizia kutafuna. Akafuta mikono. Akauliza, kwa upole kabisa:

"Na wewe shemeji, umeusoma?"

"Wapo wanaousoma."

"Akina nani?"

"Watu. Wataalamu. Wako dunia nzima."

"Unawajua?"

Nikasema kuwajua kwa kuwajua, hapana.

"Aa," akasema. "Basi tuko sawa. Na mimi walioitengeneza hii siwajui."

Akachukua rimoti, akabonyeza "Nakubali", akaniuliza kama naona mpira vizuri pale nilipokaa.

Ndugu zangu, ile "aa" ndiyo iliyonimaliza. Haikuwa ya dharau, maana dharau ningeijibu. Haikuwa hata ya ubishi; angebisha ningekuwa na pa kushika, hoja zangu ninazo, nimezipanga kama nguo za sikukuu. Ilikuwa "aa" ya mtu aliyeuliza njia, akaelekezwa, akashukuru, akaenda zake. Alikuwa anataka kujua tu. Akajua.

Jumatatu asubuhi nikiwa njiani nilishapata jibu la kwanza: ningemwambia kuna tofauti kati ya mlango uliofungwa na mlango ulio wazi ambao hujaingia. Zuri, eh? Kufika jioni lilishachacha. Maana najisikia namna gani mimi niliyesimama mbele ya mlango wazi miaka kumi nikiwahubiria wapita njia, na ndani sijatia hata kidole?

Usiku nikafanya hesabu, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu usiku. Kiini cha Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, peke yake kina mistari zaidi ya milioni 30. Ukisoma mstari mmoja kwa sekunde, bila kulala, bila kula, bila kukohoa, itakuchukua siku 347. Na hicho ni kiini tu. Hatujafika kwenye kivinjari, hatujafika kwenye programu ya barua, wala ile maktaba ndogo (kipande cha msimbo ambacho programu nyingine hukiazima) isiyojulikana na mtu, inayochora kivuli chini ya dirisha. Nikimaliza, watakuwa wameshabadilisha nusu yake. Kwa hiyo jibu la kweli kwa shemeji lilikuwa: sijausoma, na sitausoma, na hakuna aliyeusoma wote.

Upande wetu tunapenda sana kusema kuhusu macho mengi: macho yakiwa mengi kasoro haijifichi. Nimelisema hilo humu mara ngapi? Lakini kasoro iliyoitwa Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL tangu Machi 2012 hadi Aprili 2014. Miaka miwili, hadharani, kwenye programu ambayo sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa inaitegemea kulinda nywila za watu. Macho yalikuwepo. Kila jicho lilidhani jicho jingine linaangalia.

Halafu Jumanne nikakumbuka kisa cha xz, na hapo nikachanganyikiwa zaidi, maana kisa kile kinanipiga na kuniokoa kwa mkono ule ule.

Mnaokikumbuka nivumilieni. Machi 2024, mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, ile njia salama ya kuingilia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa. Kunachelewa kiasi gani? Kama nusu sekunde. Wewe na mimi nusu sekunde tungeipa lawama mtandao tukaendelea na maisha. Yeye ikamkera. Akaifuata, kamba kwa kamba, hadi kwenye xz, maktaba ndogo ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mle mtu anayejiita Jia Tan alikuwa amejitolea kusaidia kazi kwa zaidi ya miaka miwili, kwa adabu, kwa uvumilivu, mpaka mwenye mradi aliyechoka akamwamini na kumpa funguo. Naye akatumia funguo kuweka mlango wa siri.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniumiza. Mzigo wenyewe ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, ambayo hayasomeki kwa macho ya binadamu. Na ule uzi wa kuufyatua haukuwemo kwenye msimbo uliowekwa hadharani kila mtu auone. Ulitiwa tu kwenye furushi la toleo, lile linalopakuliwa. Yaani hata ningekuwa mtu wa ajabu, nimeusoma msimbo wote wa xz mstari kwa mstari, nisingeuona. "Umeusoma?" Ndiyo shemeji, nimeusoma, na nimeibiwa vilevile.

Na sehemu inayoniokoa ni kwamba Freund hakuanza kwa kusoma. Alianza kwa kukereka. Kisha alipokereka, hapakuwa na mtu wa kumwambia ishia hapo. Alifungua, akapima, akafuata hadi mwisho, akawaambia wote waliotakiwa kujua. Runinga ya shemeji ikichelewa nusu sekunde, shemeji anaweza kukereka mpaka asubuhi. Kero yake inaishia kwenye kioo. Wale jamaa wa programu huria wana orodha yao ya uhuru wa aina nne, na uhuru wa kuchunguza na kubadilisha msimbo ndio namba moja (maana yake wa pili, wanahesabu kuanzia sifuri, ndivyo tulivyo). Mimi siku zote nimeuhubiri huo kana kwamba ni wajibu wa kusoma. Kumbe ni ruhusa ya kufuata kero yako.

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Limenifikia Jumanne saa nne usiku, na kulieleza kunahitaji dakika kumi na mchoro. Kipindi cha kwanza cha mpira kingekuwa kimeisha.

Basi Jumatano, kwa hasira tu, nikasema leo nasoma kitu. Chochote. Nikachagua ile programu ya kuandikia ninayoitumia kila siku, ndiyo niliyomwekea na Mama, kwa kuwa ni ndogo na naipenda. Nikashusha msimbo wake, nikaanza na faili la kwanza kwa herufi. Nilifika mstari wa 212. Sitawadanganya, kuanzia wa 90 nilikuwa naangalia kama mtu anayetazama mvua.

Nikaona kuna folda ya tafsiri. Nikafungua ya Kiswahili, angalau ile ningeielewa. Faili lenyewe ni jozi za mistari: juu Kiingereza, chini Kiswahili. Mtu fulani alijitolea kuifanya zamani, na Mungu ambariki, kazi nyingi ni nzuri. Kisha nikafika kwenye kile kitufe cha kuhifadhi faili. Chini yake pameandikwa: "Okoa".

Okoa!

Nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Umemaliza kuandika barua, unaiokoa. Inazama? Miaka miwili natumia programu hii na sijawahi kuliona neno hilo, kwa sababu moja ya aibu: mimi yangu nimeiweka kwa Kiingereza. Mhubiri mwenyewe.

Nikabadilisha ikawa "Hifadhi". Neno moja. Nikajifungulia akaunti kwenye mradi, nikasoma maelezo ya namna ya kutuma badiliko mara tatu, jasho linanitoka kama naenda kuposa, nikatuma. Nilidhani litakaa miezi. Asubuhi nikakuta mtunzaji wa mradi amejibu. Alishukuru, kisha akaandika sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko msimbo wowote: kwamba yeye Kiswahili hakijui hata kidogo, kwa hiyo kama nina uhakika, ataniamini mimi.

Nilikaa kitako. Akina nani? Watu. Unawajua? Hanijui. Hajawahi kuniona, lugha yangu haisomi, na ameshika kitufe cha kukubali kinachopeleka neno langu kwenye kompyuta za watu ambao nao hawanijui. Hivi ndivyo na yule Jia Tan alivyoanza, kwa visaidizi vidogo visivyo na ubaya. Nikafungua kamusi. Naapa, nilifungua kamusi kuangalia neno "hifadhi", neno ninalolijua tangu shule ya msingi. Nikamjibu kwamba nina uhakika. Mchana likaingia.

Furaha niliyokuwa nayo jana haielezeki kwa mtu wa kawaida, na kazini nimejaribu kuieleza kwa mtu wa kawaida, akaniuliza wamenilipa shilingi ngapi.

Nikampigia Mama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Nikamsimulia yote, okoa, hifadhi, mtunzaji. Akasikiliza vizuri. Kisha akasema, "Kwani lile lilikuwa kosa?"

"Uliliona?"

"Nililiona siku ile ile uliyoniwekea. Nikadhani ndivyo kompyuta zinavyosema. Nikawa naokoa tu."

Miezi minane! Mama yangu ameokoa barua zake miezi minane, na mimi ndiye niliyekaa mezani nikisema wapo wanaosoma. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, akasema aliona nina haraka siku ile, nilikuwa namweleza habari za faragha.

Nilimwandikia shemeji ujumbe mrefu kuhusu haya yote. Nikaufuta. Nikamwandikia mfupi: "Nimesoma mistari 212." Akanijibu na kidole gumba. Sijui hata kama ameelewa. Runinga, dada anasema, inamwonyesha matangazo ya viatu.

Ningeishia hapo, na nilitaka kuishia hapo. Lakini baada ya simu nilimwomba Mama aniruhusu niingie kwenye laptopu yake kwa mbali ili nimwekee toleo jipya lenye neno letu. Yeye hubonyeza kile kitufe cha kuruhusu, nami naona kioo chake chote. Nikasasisha, nikamwonyesha "Hifadhi", akafurahi. Nikiwa natoka ndipo nikaona ukubwa wa maandishi. Mimi nilipomwekea nilitia 16. Sasa iko 30, na kwenye kioo chote maneno yanayoingia hayafiki hata mistari minane. Juu ya hapo amewasha na kile kikuzaji cha pembeni, ambacho mimi sikumwonyesha kamwe, amekitafuta mwenyewe.

Sikusema kitu. Nilimuuliza tu kwa kuzunguka, macho yanaendeleaje, akasema hayana neno, shida ni umeme hafifu wa pale sebuleni. Nami siwezi kumwambia nilikojulia, maana nilikuwa nimeingia kubadilisha neno moja, si kuchungulia. Dada hajui, nina hakika angenieleza. Miadi yake ya kliniki ni mwezi ujao, na ile ni ya presha, si ya macho. Nimeandika ujumbe kwa dada tangu saa tatu. Bado sijautuma.