Ndege wa Novemba, kutoka Ngulia hadi Mida

Kuanzia katikati ya Novemba, taarifa za wapenda ndege wa Pwani ya Kenya na Tsavo huanza kumiminika. Huyu ameona mbayuwayu wamejipanga juu ya nyaya za umeme pale Voi, yule amesikia sululu wakipita usiku juu ya Watamu, na mwingine anauliza ni kozi (ndege mwindaji) gani wale wadogo waliokuwa wakizunguka mbele ya wingu la mvua karibu na Mtito Andei. Wakati huo huko Ulaya na kaskazini mwa Asia majani yamekwisha kupukutika, baridi imeshika, na ndege anayeishi kwa kula wadudu hana la kufanya ila kuhama. Nimekuwa nikizisoma taarifa hizi kwa misimu kadhaa, na jambo ninalozidi kuliamini ni kwamba kalenda ya ukutani haitusaidii sana. Anayetaka kuwaona wageni hawa na aangalie mwezi wa angani na mvua.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Hoteli iliyopo pale imejengwa juu ya ukingo wa mlima, na usiku huwasha taa kali ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji. Mvua za vuli zinapoleta ukungu ukaufunika ukingo ule, na mwezi ukiwa haupo angani, ndege wanaosafiri usiku kuelekea kusini hupotewa na njia, wakavutwa na mwanga na kushuka kwa wingi katika vichaka vilivyo jirani. Usiku wa mbaramwezi wanaoshuka ni wachache, na usiku mkavu usio na ukungu karibu wote hupita juu bila mtu kujua. Tangu mwaka 1969 wataalamu na wasaidizi wao wamekuwa wakitumia hali hiyo kuwanasa ndege kwa nyavu nyembamba, kuwavisha pete za chuma zenye namba na kuwaachia. Wamekwisha kuwavisha pete mamia ya maelfu, na baadhi ya pete hizo zimepatikana tena Uarabuni, Urusi na kusini mwa Afrika. Mimi si mpenzi wa taa kali porini, na ningependa hoteli nyingi zizizime, lakini sharti nikiri kwamba bila taa za Ngulia tusingejua hata robo ya yale tunayoyajua kuhusu njia hii ya angani.

Kazi yenyewe ukiiona kwa karibu ni ya kimya na ya haraka. Ndege hutolewa katika mfuko wa kitambaa, akashikwa shingo yake ikiwa katikati ya vidole viwili; pete hubanwa mguuni kwa koleo maalumu, bawa hupimwa kwa rula, kisha mpimaji humpuliza tumboni ili manyoya yaachane na mafuta ya njano yaliyo chini ya ngozi yaonekane. Mafuta hayo ndiyo akiba ya safari, na kiasi chake hueleza kama ndege amefika akiwa hoi au bado ana nguvu za kuendelea. Wengi wa wanaonaswa ni Acrocephalus palustris, ndege wa rangi ya kahawia hafifu mwenye uzito wa gramu 12 hivi, ambaye ukimwona kichakani huna la kumsifia. Amezaliwa Ulaya miezi michache iliyopita, amepumzika Ethiopia au Sudan, na sasa anaelekea Zambia, Msumbiji na kwingineko kusini.

Sifa yake iko kooni. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aliwachunguza ndege hawa nchini Ubelgiji, na mwaka 1979 akachapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: kila dume huiga kwa wastani sauti za aina 76 za ndege, na kati ya hizo 45 ni ndege wa Afrika. Kinda husikiliza na kujifunza katika miezi yake ya kwanza, na sehemu kubwa ya miezi hiyo huipitisha huku kwetu. Kwa hiyo mtu aliyesimama Mei kando ya mto wa Ubelgiji, akiwa na masikio ya Kiafrika, anaweza kutambua humo shorewanda na mbayuwayu wa nyumbani kwao. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kutompuuza kiumbe wa kahawia anayejificha kichakani.

Mida ni habari nyingine, ingawa mwezi ni ule ule. Hori hili lililo karibu na Watamu lina mikoko pembeni na uwanda mpana wa matope na mchanga katikati, na kila mvuvi wa pale anajua kwamba mwezi ukiandama huja bamvua, yaani maji kujaa na kukupwa kupita kawaida. Siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ndege wakatawanyika mbali hata darubini isiwafikie vizuri, kisha hujaa tena alasiri na kuwasogeza taratibu kuelekea ukingoni. Mtu akifika wakati maji yanapoanza kupanda, akakaa kwenye kibanda kilicho mwisho wa daraja la mbao, ndege ndio watakaomfuata. Asumbuke kuwafuata topeni ya nini? Kwa hiyo usiku ule wa giza unaofaa Ngulia huja pamoja na bamvua inayofaa Mida, na mpenda ndege analazimika kuchagua moja.

Anayetafutwa zaidi hapo ni mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi unaoonekana kuwa mzito kuliko kichwa chake. Huyu hatoki Ulaya. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu wakati wa joto kali, na hutaga yai moja tu jeupe ndani ya shimo alilolichimba mchangani, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa pwani. Mwezi huu utamwona mzazi akimkimbilia kaa, akimbana, akimpigapiga, na nyuma yake kinda wa rangi ya kijivu aliyekwisha kulingana naye kwa kimo akilialia apewe. Kinda huyo amevuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe, na bado analishwa. Pembeni yao huwa kuna sululu na vitwitwi wa aina nyingi, wakiwamo wale waliozaliwa Siberia karibu na Bahari ya Aktiki, ambao sasa wamevua rangi zao za kiangazi na wote wanafanana kwa ukijivu.

Nirudi kwa wale kozi wa Mtito Andei. Mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba hupita kozi wa Amur, Falco amurensis, anayezaliana mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Husimama Nagaland huko India, kisha huivuka Bahari ya Arabu, safari ya kilomita zaidi ya 3,000 juu ya maji. Majira hayo hayo kereng'ende aina ya Pantala flavescens nao huvuka kutoka India, na mwanabiolojia Charles Anderson alieleza mwaka 2009 jinsi wanavyopitia Maldivi wakibebwa na upepo wa juu. Inaaminika kwamba kozi hujilisha kwa hao njiani. Wakishafika Tsavo, hutangulia mbele ya mvua, kwa kuwa mvua ikinyesha kumbikumbi hutoka, na kumbikumbi wakitoka kozi hushiba pamoja na korongo, mbayuwayu na watoto wa vijijini wenye mabeseni.

Ndiyo maana ninawaomba wanaotuma taarifa waandike kama ilinyesha jana yake na upepo ulitoka wapi, wala wasitume picha tupu isiyo na mahali wala saa. Kwa kozi wa Amur, dume ni wa kijivu kilichokoza, mapaja yana rangi ya kutu na miguu ni myekundu, ila alama ya kuaminika ni weupe ulio chini ya bawa upande wa mbele. Picha iliyopigwa kutoka chini, mabawa yakiwa yamekunjuliwa, inatosha hata ikiwa ni ya simu.