Mihadhara kwenye memori kadi: ninavyosoma msimu wa korosho

Nasoma shahada ya ualimu kwa masafa nikiwa Tandahimba. Kuanzia Oktoba hadi Desemba mikono yangu ni ya korosho: kuokota, kutenganisha na mabibo, kuanika, kupeleka chama cha msingi. Kitabu hakishikiki hapo, lakini masikio yako huru. Mihadhara yetu chuo hutuwekea kwenye mtandao kama sauti, nami huipakua usiku kwa kifurushi cha usiku. Kuisikilizia kwenye simu shambani sikutaka kabisa. Chaji haifiki jioni, na maji ya bibo hayana huruma. Yakigusa nguo, doa halitoki tena. Nikachukua redio ndogo ya kuchaji, zile zenye tundu la memori na flashi.

Redio hizi zina masharti yake. Yangu inasoma faili za sauti za aina ya MP3 tu, wakati mihadhara mingi huja kama M4A, aina nyingine ya faili la sauti, na mingine kama video. Memori nayo lazima iwe imefomatiwa (yaani kufutwa na kupangwa upya) kwa mpangilio uitwao FAT32. Kwa hiyo kabla ya kurusha chochote nabadili kwanza kwa VLC, programu ya bure, nikichagua MP3. Kisha nafungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nayo ya bure, nalitoa upya kwa chaneli moja na kilobiti 64 kwa sekunde. Muziki kwa kiwango hicho utapwaya, ila sauti ya mtu anayefundisha inasikika safi. Saa nzima inakuwa MB 29 hivi, badala ya 58 za kilobiti 128. Memori ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 250 za masomo.

Humohumo kwenye Audacity nakata mhadhara vipande vya dakika 15. Hili naliona la maana kuliko yote. Redio ya bei rahisi ikizimwa haikumbuki ilipoishia, inarudi mwanzo wa faili. Mvua ikikukimbiza dakika ya 50 ya mhadhara wa saa nzima, umekwisha. Ukiwa na vipande, unarudia kidogo tu.

Kilichonisumbua zaidi ni mpangilio. Nilishayapa mafaili namba, 0101, 0102, 0103, na kwenye kompyuta yalikaa sawa, lakini redio ikaanza na la tatu, ikaruka la kumi. Kijana wa steshenari, anayerushia watu nyimbo kutwa, ndiye aliyenifungua macho.

“Mwalimu, hii redio haiangalii majina. Inafuata lililotangulia kuingia.”

Akaifomati memori, akaingiza mafaili moja baada ya jingine kwa kufuata namba, somo moja folda moja. Akaitoa kwa ile amri ya kuondoa salama, maana memori ikichomolewa bado inaandikwa, mafaili yanaharibika. Hapohapo dukani tukasikiliza la kwanza na la mwisho. Namshukuru sana kijana yule.

Mwenzangu wa Masasi ni fundi cherehani, na redio yake ni ya CD, haina tundu la flashi. Mihadhara ni ya wahadhiri wetu, hivyo nampa yeye kwa kuwa tuko kozi moja. Kwa mtu wa nje ningeomba ruhusa kwanza. Kwake tuliangalia kwanza kama redio imeandikwa MP3 usoni. Ingekuwa nayo, CD moja ya MB 700 ingebeba kama saa 24 za mafaili yangu. Haikuwa nayo, basi ikabidi tuchome CD za sauti za kawaida, ambazo mwisho wake ni dakika 80 haidhuru umebana faili kiasi gani. Tunachoma kwa mwendo wa polepole na kuifunga diski mwishoni, la sivyo redio za zamani huigomea. Anashona huku CD inazunguka, na maswali anayoniuliza jioni yananionyesha kwamba anasikiliza kwelikweli.

Mimi hedifoni situmii. Naitundika redio kwenye tawi la mkorosho ili na mama asikie. Siku ya mhadhara kuhusu mwanasaikolojia Jean Piaget na hatua zake za ukuaji wa akili ya mtoto, mama alinyoosha mgongo, ndoo mkononi.

“Mwanangu, huyo bwana alilea watoto kweli, au anasema tu?”

Nikamwambia alikuwa na watoto 3, na mengi aliyoyaandika kuhusu watoto wachanga aliyaona kwao. Mama akaridhika, akaniambia nirudishe nyuma kile kipande cha mtoto kutafuta kitu kilichofichwa.

Somo la takwimu silipeleki shambani. Mhadhiri anasema “tazama jedwali hili,” na redio haina jedwali. Hilo nalisoma usiku, kwenye karatasi.