Ala isiyoguswa, na noti aliyoitaka ami

Nilikuwa natengeneza ala ya muziki inayopigwa kwa kupunga mikono mbele ya kamera ya laptopu. Nilichokiogopa ni kompyuta kuutambua mkono. Kumbe hilo ndilo lililokuwa rahisi. MediaPipe, maktaba ya Google ya programu zilizokwisha andikwa, inakupa nukta 21 kwa kila mkono: ya 4 ni ncha ya gumba, ya 8 ni ncha ya kidole cha shahada. Jioni moja tu nikawa na kitu kinacholia: mkono wa kulia ukipanda, noti inapanda; wa kushoto unaongeza au kupunguza sauti. Mpangilio huo sikuubuni mimi. Mrusi Leon Theremin alitengeneza ala ya kupigwa hewani miaka mia moja na ushei iliyopita.

Tabu ilikuwa mtetemo. Utulize mkono utakavyo, nukta zinacheza tu, na noti inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikachukua wastani wa fremu nane, yaani picha nane za video zinazofuatana. Mtetemo ukaisha, lakini kamera ya laptopu yangu inatoa fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo noti ikawa inatulia robo sekunde nzima baada ya mkono. Hapo huwezi kupiga hata wimbo wa watoto. Dawa niliyoipata: mkono ukienda polepole, programu inalainisha sana, ukienda mbio, inauacha kama ulivyo.

Nikamwita ami, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hapa Unguja. Akapunga mikono dakika mbili, akanitazama.

"Mwanangu, hiki kinanda cha kizungu. Bayati iko wapi?"

Kweli, noti zote nilizifunga kwenye ngazi ya piano ili mtu asitoke nje ya sauti. Bayati ni maqamu, yaani ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu. Ikianzia re, noti yake ya pili haimo kwenye piano: mi ni hezi (mawimbi kwa sekunde) 330 hivi, mi bemoli, iliyo nusu hatua chini yake, 311, na ami anataka karibu na 320. Nikampa 320. Akakataa, akishuka huiteremsha kidogo zaidi. Basi nikabadilisha: kiganja kikiwa wazi, noti inajinasa kwenye maqamu, ukibana gumba na shahada, inaachiwa iteleze na mkono.

Akacheza nusu saa, kisha akalalamika bega. Kanuni huwekwa mapajani, alinikumbusha. Nimeishusha kamera, kiwiko sasa kinakaa mezani. Bayati amekubali. Sasa anadai rasti, maqamu nyingine.