Kuchora kwa Mchezo Darasani

Wanafunzi wa usanifu wa michoro ninaowafundisha hapa Arusha hufika wakiamini kwamba mchoro ni lazima upendeze, na imani hiyo huwafunga mikono kabla hawajaanza kufikiri. Ndiyo maana huanza nao kwa michezo.

Ninaoupenda zaidi ni ule wa kumwelekeza mgeni kutoka Mnara wa Saa hadi Soko la Kilombero kwa michoro pekee, bila herufi wala tarakimu. Mwanafunzi hulazimika kuamua ni kipi mgeni atakitambua akiwa njiani, kipi kiachwe, na mshale ukae wapi ili asipotee kwenye njia panda. Kisha mwenzake, ambaye hakupewa maelezo yoyote, huusoma mchoro huo kwa sauti, na pale anapokwama ndipo sote tunapoona fikra ilipokosa umbo. Hakuna anayeulizwa kama mstari umenyooka.

Upo pia mchezo wa karatasi iliyokunjwa, ambao wasanii wa usurealisti, yaani sanaa inayochota kwenye ndoto na mawazo yasiyodhibitiwa, waliucheza mjini Paris katika miaka ya 1920: mmoja huchora kichwa, hukunja karatasi na kuacha ncha za mistari tu, na mwingine huendeleza kiwiliwili bila kukiona kichwa hicho. Huo huwazoesha kulipokea wazo la mtu mwingine na kulikuza, jambo ambalo, kwa maoni yangu, wabunifu wengi hujifunza wakiwa wamechelewa.

Kalamu ya wino hufaa kuliko penseli, kwa kuwa haifutiki kwa urahisi, na mwalimu naye achore pamoja nao.