Keki ya Laptopu kwa Joto la Tanga

Mama mmoja wa Chumbageni alinipigia simu akitaka keki ya kijana wake aliyemaliza kozi ya kompyuta. "Dada, mimi nataka laptopu. Mtu akiiona tu ajue." Bei tukavutana kidogo, tukaelewana. Alipotaja fondanti nikamkatalia pale pale. Lile gamba la sukari linapendeza kwenye picha, lakini kwa unyevu wa bahari yetu na jua la Februari linatoka jasho, linanata vidoleni, na shughuli ikiisha unalikuta limebanduliwa lote, limeachwa pembeni ya sahani. Mimi keki naoka iliwe. Nikamwambia nitamfanyia ya chokoleti tupu, akaridhika.

Keki yenyewe haina maajabu. Kwa trei mbili bapa natia unga wa ngano gramu 440, kakao 150, mayai manne, maziwa ya mtindi, na mafuta ya kula badala ya siagi, maana keki ya siagi ikilala kwenye friji inakaza. Uhondo uko kwenye kahawa. Kakao ikikutana na kitu cha moto ndipo inapotoa harufu na rangi yake, na Ngamiani huhangaiki kupika kahawa chungu: nilimtuma mpwa wangu na chupa ya chai kwa muuza kahawa wa barazani. Mzee wa watu akajaza chupa huku akiuliza tumepata wageni gani wanaokunywa kiasi hicho.

Kazi hasa ni ganashi ya juu, ule mchanganyiko wa chokoleti na krimu. Siagi ya kakao, yale mafuta yaliyomo kwenye chokoleti ya kweli, huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 34. Ndiyo maana inayeyukia mdomoni, na ndiyo maana mchana wa Tanga si rafiki yake. Zipo chokoleti za bei nafuu zinazotumia mafuta mengine ya mimea. Nyingi zinavumilia joto, ila zinakuachia utando kwenye kaakaa. Sizipendi. Afadhali nibadili vipimo. Mapishi mengi ya mtandaoni yanasema chokoleti na krimu nusu kwa nusu. Mimi natia chokoleti nyeusi gramu 600 kwa krimu 300. Krimu naipasha mpaka ianze kufurukuta pembeni ya sufuria, namimina juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, naiacha itulie, halafu nakoroga taratibu kuanzia katikati. Ukiona mafuta yanaelea usiimwage. Kijiko cha maziwa ya uvuguvugu, koroga tena, itarudi kung'aa.

Trei moja ikawa kibodi. Ya pili ikawa kioo, nikailaza kwa mwinamo juu ya kabari niliyoikata kwenye masalio ya keki. Wengine husimamisha kioo cha kadibodi. Sasa kadibodi ataila nani?

Vitufe nilivifanya usiku, feni imezimwa isinipeperushie karatasi. Chokoleti iliyoyeyushwa unaitandaza kwenye karatasi ya kuokea, unasubiri ipoteze mng'aro lakini isikauke kabisa, kisha unakata vipande vya mraba kwa kisu. Ukichelewa vinavunjika. Safu ya juu herufi 10, ya kati 9, ya chini 7, zote nimeziandika kwa chokoleti nyeupe. Kwenye F na J nikaongeza kijitone kidogo chini ya herufi, kama kile kivimbe kinachomwonyesha mchapaji pa kuweka vidole vya shahada bila kutazama. Mama mwenye keki alidhani chokoleti imedondoka. Kijana hakuuliza, aliviweka vidole viwili juu yake, akacheka.

Kwenye kioo mama alitaka "Hongera Mwanangu". Nikaandika, ila juu yake nikatia "Habari Dunia", maana wanaojifunza kuandika programu aghalabu huanza kwa kuiamuru mashine itoe salamu hiyo. Bibi yake aliizunguka keki yote, kisha akauliza: "Hii inaliwa au inawashwa?"

Kuhusu kusafirisha: keki ikitoka kwenye friji na kukutana na hewa yetu inalowa umande. Ifunge kwenye boksi ikiwa bado ndani ya friji, usilifungue mpaka ubaridi uishe. Umande utashika boksi, keki itabaki salama. Niliipakia kwenye bajaji asubuhi mapema, dereva nikamwomba asahau kwamba ana haraka. Ilifika haina ufa.

Watoto walianza na Q na X, nadhani kwa sababu zilikuwa karibu na pembeni, na Kiswahili hakikupungukiwa kitu. Kitufe kirefu cha chini alikidai bibi.

Wanaotaka kuagiza mnitumie ujumbe mapema kidogo, vitufe vinachukua muda. Simu nafanya, laptopu nafanya. Printa aliniuliza mtu juzi, printa hapana.