wRC+: Ondoa kwanza msaada wa uwanja, ndipo umsifu mpigaji

Mwaka 1999 Dante Bichette wa Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Denver, Marekani, alipiga homurani 34 (mapigo yanayompitisha mpigaji beisi zote) na kuwaleta nyumbani wakimbiaji 133. Ukiishia hapo utasema huyu ni moto. Lakini OPS+ yake, kipimo cha upigaji kinachorekebishwa kwa uwanja na ligi, ilikuwa 102, na wastani wa ligi ni 100. Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali, na kila mpigaji wa pale ananufaika.

Mimi huiamini zaidi wRC+, kipimo cha mikimbio (pointi) anayozalisha mpigaji, nacho hurekebishwa kwa uwanja na wastani wake ni 100. Sababu ni kuwa OPS, msingi wa OPS+, hujumlisha tu uwezo wa kufika beisi na nguvu za kupiga kana kwamba vina thamani sawa. wRC+ huanzia kwenye wOBA, wastani wa thamani ya kila zamu ya mpigaji, ambayo hulipa kila tukio kwa mikimbio linayozalisha. Uzito wa 2013, kwa mfano: pigo la beisi moja 0.888, la beisi mbili 1.271, homurani 2.101.

Tuchukue mpigaji wa kubuni: zamu 600 za kupiga, wOBA 0.370. Ligi ina wOBA 0.320, kigawanyo cha wOBA (namba inayoigeuza kuwa mikimbio) 1.25, na mikimbio 0.12 kwa kila zamu. Toa 0.320 kwenye 0.370, gawa kwa 1.25: unapata 0.04, yaani mikimbio 24 juu ya wastani kwa zamu zote 600. Ongeza 0.12, iwe 0.16. Uwanja wake una kipimo cha 1.05 (uwanja wa kawaida ni 1.00), kwa hiyo punguza 0.006 (asilimia 5 ya 0.12). Inabaki 0.154. Gawa kwa 0.12, zidisha kwa 100: 128. Bila kugusa uwanja angepata 133.

Wengi huharibu hapo kwenye uwanja. Ukikuta mikimbio huongezeka kwa asilimia 10 uwanjani kwake, usitumie 1.10, maana nusu ya mechi huchezwa ugenini. Tumia 1.05. Na kwa misimu ya zamani ya Ligi ya Taifa (National League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani), warushaji walipokuwa bado wanashika gongo, waondoe kwenye wastani unaogawia. Wakibaki, kila mpigaji wa kweli ataonekana bora kuliko alivyo.

Ukiunganisha misimu, pima kwa zamu. Zamu 300 za wRC+ 140 na zamu 100 za wRC+ 80 zinatoa 125, si 110.