Nilivyoachana na "the woman who she looks tiredly"

Sentensi hiyo ya kichwa ina makosa mawili, na yote mawili yametoka kwenye Kiswahili fasaha kabisa. Nimeyaandika mwenyewe, na nimeyasahihisha kwenye madaftari ya wengine mara nyingi zaidi. Naanza na lililo rahisi.

Kosa la kwanza ni "she". Tunaposema "mwanamke anayeonekana amechoka", neno "anayeonekana" limebeba a- ya nafsi pamoja na -ye ya kirejeshi, yaani inayomrudia mwanamke aliyetajwa. Tukivuka kwenda Kiingereza tunatafuta pa kuviweka vyote viwili: "who" inapewa nafasi ya -ye, "she" nafasi ya a-. Kumbe "who" inatosha kwa kazi zote mbili. Ukishaiandika, kiwakilishi kingine cha mtu huyohuyo hakina kiti: "the woman who looks tired". Kwenye umilikaji mambo huharibika zaidi. "Mama ambaye sauti yake inasikika ya huzuni" hugeuka "the woman who her voice sounds sadly", wakati inayotakiwa ni "the woman whose voice sounds sad". Neno "whose" limemeza "ambaye" na "yake" kwa pamoja.

Kosa la pili, "tiredly", ndilo lenye kazi. Kiswahili husema chakula kinanukia vizuri na redio inasikika vibaya, na hivyo ni vielezi halali. Kwa kuwa tumekariri kwamba vielezi vya Kiingereza huishia na -ly, tunaandika "the food which smells nicely". Sahihi ni "smells nice". Hapo "smell" haielezi tendo. Inafanya kazi kama kitenzi kishirikishi, ndugu wa "ni" yetu. Inaunganisha chakula na sifa yake, na sifa ya nomino hubebwa na kivumishi. Ndiyo maana ukiweka "is" mahali pa kitenzi, sentensi bado inasimama: "the food which is nice".

Kanuni hiyo peke yake haikunifikisha mbali, kwa sababu vitenzi vingi vya mwonekano, yaani vya kueleza kitu kinavyoonekana, kinavyonukia au kinavyohisika, vina maana mbili. Kilichonisaidia ni kukirudisha kitenzi Kiswahilini, maana pale Kiingereza kinapotumia neno moja, sisi mara nyingi tuna mawili. "Look" ni kuonekana au kutazama. "Appear" ni kuonekana au kujitokeza. "Smell" ni kunukia, au kunuka, au kunusa. "Taste" ni kuwa na ladha au kuonja. "Feel", kitu kikiguswa, ni kuwa laini, baridi au kizito mkononi, au ni kupapasa. Tafsiri ikiwa ya kundi la kuonekana na kunukia, weka kivumishi. Ikiwa kutazama, kunusa, kuonja au kupapasa, kuna mtu anatenda, kwa hiyo weka kielezi.

Linganisha "the guard who looked angry", yaani mlinzi aliyeonekana amekasirika, na "the guard who looked angrily at us", aliyetutazama kwa hasira. Au "the man who appeared calm", aliyeonekana ametulia, na "the man who appeared calmly at the door", aliyejitokeza mlangoni kwa utulivu. Zote nne ni sahihi. Mwalimu anayekata "calmly" bila kusoma sentensi nzima anamwonea mwanafunzi. "Seem" haina usumbufu huu, kwani maana yake ni ile ya kuonekana tu.

Ndani ya kishazi rejeshi kazi inakuwa ngumu kwa sababu nomino na kitenzi vinaweza kutengana: "the house which from the road looks small". Mimi hukichomoa kishazi, naitia nomino mahali pa kirejeshi, napata sentensi fupi: "The house looks small." Napima hapo, kisha narudisha kila kitu mahali pake. Sentensi ya kuunganisha kwenye mtihani huitenganisha vivyo hivyo hata kama nina haraka.

Kuna dalili nyingine ya haraka. Kitenzi cha mwonekano hakina shamirisho (kinachotendewa), kwa hiyo "who", "which" au "that" mbele yake kwa kawaida ndiyo kiima, yaani mwenye tendo au sifa. Ukiona mtu mwingine amekaa kati ya kirejeshi na kitenzi, shuku kwamba kuna tendo: "the picture that she looked at carefully". Kihusishi "at" kinathibitisha. Hapo unaweza hata kuitoa "that": "the picture she looked at carefully". Lakini ukiitoa pale ilipo kiima, sentensi inavunjika: "the boy looks sick is my brother" haisomeki, lazima "the boy who looks sick is my brother".

Kanuni hii ya kivumishi isikupeleke kwenye kufuta kila -ly karibu na "look". Kielezi kina nafasi zake. Kinaweza kukipa nguvu kivumishi: "a plan which seems perfectly reasonable". Kinaweza kukaa mbele ya kitenzi kutaja mara ngapi: "a man who always looks tired". Kinaweza kueleza neno lililotokana na kitenzi: "a wall which looks badly painted", kwa maana kilicho kibaya ni upakaji. Na baada ya "to", kinakifuata kile kitenzi kipya: "a clerk who seems to work slowly".

Halafu kuna maneno yenye -ly ambayo ni vivumishi tangu kuzaliwa: friendly, lonely, lovely, ugly, silly. "A neighbour who seems friendly" haina kosa lolote. "Well" nayo hugeuka kivumishi ikizungumzia afya: "the patient who looks well" ana nafuu, ila "the patient who looks good" anapendeza machoni.

Makosa madogo niliyoyakuta mara kwa mara: "who looks like tired" limetokana na "anaonekana kama amechoka". "Like" hapo inataka nomino, "who looks like his father". Ukitaka sentensi nzima, andika "who looks as if he is tired". "Who is seeming happy" limetokana na -na- yetu, ambayo haitofautishi hali na jambo linaloendelea; andika "who seems happy". "Asiyeonekana mgonjwa" ni "who does not look sick", si "who looks not sick". Na kama ni mmoja kati ya wengi, kitenzi hufuata wingi: "one of the girls who look tired".

Ukiacha "smell" bila kivumishi, Kiingereza hukimbilia upande wa kunuka. "The fish that smells" ni samaki aliyeoza. Kama unamsifia mpishi, usisahau "good".

Ile dalili ya kiima ina tundu moja. Katika "he is not the fool he looks", "he" imekaa mbele ya "looks", hakuna kirejeshi, na bado hakuna anayetazama kitu. Hapo kirejeshi kilichoachwa kinashika nafasi ya sifa yenyewe: yeye si mjinga kama anavyoonekana. Sentensi za namna hiyo huzipima kwa tafsiri, nikaiacha dalili pembeni.